Mlima au mto: matoleo mawili ya majina ya mwanzo, filamu moja

"Shikamoo mwalimu. Nimeshindwa kuchagua."

Nikaitikia marahaba, nikapokea flashi ya binti huyo, mwanafunzi wangu. Ndani yake mlikuwa na mafaili mawili: majina ya mwanzo ya filamu yake ya dakika 12, yaani jina la filamu na ya walioitengeneza yanayoonekana inapoanza, ameyatengeneza mara mbili, kwa njia mbili zisizo na hata undugu wa mbali. Zilikuwa zimebaki siku 9 aikabidhi. Tukaweka kompyuta mbili ubavu kwa ubavu, tukashusha pazia maana jua la saa nane mchana hapa Kaloleni linapiga moja kwa moja kwenye kioo, tukaanza kutazama. Naandika tulichokiona kwa sababu kila muhula, hapa Arusha, nampata mwanafunzi aliyesimama kwenye njia panda hiyo hiyo, na mara nyingi huchagua toleo lililomtoa jasho zaidi badala ya lile ambalo filamu yake inalihitaji.

Filamu inaitwa "Ng'ambo ya Themi". Ni dada wawili wa tumbo moja. Mmoja amejenga upande huu wa mto, mwenzake upande ule, na tangu baba yao azikwe hakuna aliyevuka kwenda kumjulia hali mwingine. Mto ni huo huo Themi tunaoujua, unaoshuka kutoka Meru na kukatiza mjini. Hakuna mapigano wala polisi kwenye filamu hii. Kuna ndoo, kuna nguo zinazoanikwa, kuna watu wawili wanaotazamana kwa mbali na kila mmoja kujifanya hajaona.

Toleo la kwanza tuliite la mlima. Kamera inapaa alfajiri juu ya Mlima Meru, inapasua mawingu, jua linachomoza, na herufi za dhahabu za 3D zinatokea nyuma ya kamera, zinajipanga angani, mwanga unazifagia kutoka kushoto kwenda kulia, kisha zinapasuka kuwa vumbi. Sekunde 70. Mlima ameujenga mwenyewe kwa Blender, programu ya bure, na mawingu yake yana kina cha kweli. Ukiyatazama unahisi baridi.

Toleo la pili ni la mto. Amekata karatasi za manila kwa wembe, akazipanga mezani, akazipiga picha mojamoja kwa simu iliyofungwa kati ya miguu ya stuli iliyopinduliwa juu ya meza nyingine. Ufa mwembamba wa karatasi ya buluu unashuka kutoka juu ya skrini hadi chini na kuigawa pande mbili. Majina yanatua mengine ukingo wa kushoto, mengine wa kulia, na kila jina linapotua ufa unapanuka kidogo. Sekunde 34.

Darasa zima lilikuwa upande wa mlima. Nawaelewa. Mlima unaonyesha saa nyingi za kazi, na mwanafunzi huheshimu kazi ya mwenzake kwa kuhesabu saa. La mto, mmoja alisema, linaonekana kama kazi ya watoto wa chekechea. Hapo ndipo nilipowakatiza, kwa sababu karatasi iliyokatwa si umaskini wa vifaa. Mwaka 1955 Saul Bass, msanifu wa Marekani, alitengeneza majina ya mwanzo ya filamu The Man with the Golden Arm kwa mistari myeupe bapa juu ya weusi, mistari inayokuja na kuondoka mpaka mwisho inageuka mkono uliopindapinda. Filamu ilihusu mtu aliyetekwa na dawa za kulevya. Mkono ule ulikuwa ndio habari yenyewe, na usanifu wa majina ya filamu haukurudi ulikokuwa baada ya hapo.

Swali la kwanza nililomuuliza halikuwa la ufundi. Nilimwambia azime sauti, halafu anijibu: mtu asiyejua lolote kuhusu filamu hii, akiona majina haya tu, atasema inahusu nini? Kwa la mlima alikaa kimya, kisha akasema, "Atasema ni filamu ya wapanda mlima." Au tangazo la kampuni ya watalii, nikaongezea, maana mji wetu umejaa matangazo yenye jua linalochomoza nyuma ya mlima. Ndani ya filamu yake Meru hauonekani hata mara moja. Kwa la mto alijibu papo hapo: "Atasema kuna watu wametengana."

Lakini mimi na yeye tunaijua filamu, kwa hiyo macho yetu hayaaminiki. Chini ya chumba chetu kuna mama anayeshona nguo, cherehani yake ipo barazani. Nikamwomba. "Mama, nikope macho yako dakika mbili tu." Akapanda na futi yake shingoni. Tukamwonyesha la mlima kwanza. Akafurahi, akasema, "Ni Meru huo, nimeujua kwa ule upande uliobomoka." Nikamuuliza ameona majina ya nani. Akacheka, akasema alikuwa anatazama mawingu. La mto lilipoisha hakungoja swali. "Hawa wamegombana?" Kisha akataja majina mawili kati ya sita, moja la mpiga picha. Binti alishika daftari asiandike kitu kwa muda. Kipimo hiki hakigharimu chochote, na kinafanya kazi vizuri zaidi kwa mtu asiye wa fani. Muulize mambo mawili tu: umeona nini, na umesoma jina la nani. Usimuulize kama amependa. Akikupenda wewe, atasema amependa.

Kwa nini majina ya mlima hayakusomeka na herufi zake ni kubwa kuliko za mto? Hapa tulihesabu fremu, zile picha tulivu zinazofuatana haraka mpaka jicho linaona mwendo. Filamu inakwenda fremu 24 kwa sekunde. Kila jina la mlima linachukua sekunde 3 kuruka na kujipanga, linatulia fremu 36, yaani sekunde moja na nusu, halafu sekunde moja na nusu nyingine linapasuka. Jicho haliwezi kusoma kitu kinachojipanga. Linasubiri kitulie, na likianza kusoma kimeshaanza kuvunjika. Kwenye la mto jina linatulia fremu 72, sekunde 3 kamili. Mimi hutumia kanuni nyepesi: soma kadi, yaani maandishi yanayokaa pamoja kwenye skrini, kwa sauti, taratibu, mara mbili. Ikitoweka kabla hujamaliza mara ya pili, ni fupi. Na usome kila kitu kilichoandikwa, pamoja na cheo. Sisi tunaandika "Msimamizi wa uzalishaji", "Mbunifu wa mavazi", "Mpiga picha mkuu", halafu ndipo jina, na mara nyingi ni majina matatu. Kadi moja inabeba maneno sita. Mwanafunzi anayenakili muda wa kadi kutoka filamu ya nje yenye neno moja na jina moja atawaibia wenzake majina yao bila kujua.

Pamoja na hayo kuna urefu wa jumla. Sekunde 70 kwenye filamu ya sekunde 720 ni karibu sehemu ya kumi ya filamu nzima. Na sekunde 22 za mwanzo hazina hata herufi moja, kamera inapaa tu. Filamu ya saa mbili inaweza kumudu hilo. Ya dakika 12 haiwezi.

Sasa mwendo, maana hii ndiyo fani yenyewe. Nilifungua faili la mlima na kumwonyesha grafu ya mwendo wa herufi. Mistari yote ilikuwa imenyooka kama rula. Maana yake herufi inaanza safari kwa kasi ile ile inayomaliza nayo, kisha inasimama ghafla, kama kitu kisicho na uzito kilichogonga ukuta usioonekana. Hakuna kitu duniani kinachokwenda hivyo. Gari linaondoka taratibu, linachanganya, linapunguza kabla ya kituo. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa Disney, walipoandika kanuni 12 za uhuishaji mwaka 1981, hii ya kuanza polepole na kuishia polepole ilikuwa mojawapo, na programu zote za leo zina kitufe chake. Tulikunja mistari ile kwa dakika 20 na herufi zikapata uzito. Kwa hiyo kosa hili silihesabii toleo la mlima kama kasoro ya kudumu, na nawaomba walimu wenzangu wafanye vivyo hivyo: kasoro inayoondoka kwa dakika 20 isipimwe sawa na wazo lisiloihusu filamu, ambalo haliondoki.

La mto lina mwendo wa kukatakata kidogo, kwa sababu amepiga picha 12 kwa kila sekunde na kila picha inashika fremu mbili. Picha 408 kwa jumla. Hiyo ni njia ya zamani na halali kabisa, na kwenye karatasi inapendeza kwa sababu mkono wa mtu unaonekana.

Ila kuna sekunde moja na nusu ndani ya toleo hilo ambayo ningependa kila mwanafunzi aione. Ni kadi ya mwisho, ya jina la filamu. Neno la kwanza linatua ukingo wa kushoto, na linatua likiwa limeandikwa "Ngambo", bila alama ya ritifaa. Unaliona, unasema moyoni, amekosea. "ya Themi" inatua ukingo wa kulia. Kisha juu kabisa, kwenye ule ufa wa buluu, tone linajikusanya, linaning'inia picha tatu, linaachia. Picha ya kwanza limeshuka kidogo tu, ya pili zaidi, ya tatu zaidi ya hapo, likiteleza kuelekea kushoto, mpaka linatua katikati ya g na a. Herufi a inazama kidogo kwa uzito wake, picha mbili, inarudi juu. Jina sasa linasomeka: Ng'ambo.

Mtu wa lugha nyingine ataona tone limeanguka. Msomaji wa Kiswahili anaona zaidi ya hilo, maana ng na ng' ni sauti mbili tofauti. Bila ritifaa neno halitamkiki inavyotakiwa na ng'ambo yenyewe haipo. Maji ya mto ndiyo yaliyolikamilisha neno, na mto ndio unaowatenganisha hao dada. Nilipomuuliza wazo lilitoka wapi alisema alisahau kukata ritifaa, akaja kuikata mwisho kutoka kwenye mabaki ya karatasi ya buluu. Bahati humjia aliyekaa mezani. Aliiona bahati ile, akaitumia, na hiyo ni akili ya msanifu.

Linganisha na ritifaa hiyo hiyo kwenye toleo la mlima. Fonti aliyoipakua haikuwa nayo, hivyo programu ikaiazima kutoka fonti nyingine: kijiti kilichonyooka, chembamba, chenye pengo kubwa kila upande. Jina likasomeka kama maneno mawili, "NG" na "AMBO". Mwanga wa dhahabu ulipopita, kijiti kikamezwa na kivuli cha G. Kabla hujaipenda fonti, andika ng'ombe, ng'ambo na Ng'wanamalundi uone inavyofanya. Ukiona pengo, sogeza herufi kwa mkono. Ukiona kisanduku kitupu, tafuta fonti nyingine.

Nisiwe mtu wa kuona uzuri wa upande mmoja tu. Toleo la mto lilikuja na kasoro tatu nzito, na kama angelikabidhi vile vile lingeaibika mbele ya projekta.

Kwanza, mwanga unapepesuka. Picha 408 zimepigwa kwa siku kadhaa kando ya dirisha. Wingu likipita karatasi inakuwa nyeusi, likiondoka inang'aa, na simu nayo inajirekebisha yenyewe kila mara. Kwenye skrini ndogo unadhani ni mapambo. Kwenye ukuta wa mita tatu kichwa kinauma. Dawa ni kuziba dirisha kwa blanketi, kutumia taa mbili zisizosogezwa, kufunga mwanga, fokasi na rangi kwenye simu zisijirekebishe, na kasi ya shata, yaani muda wa kamera kupokea mwanga, iwekwe sekunde 1/50, kwa sababu umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde na taa nyingine hupepesuka nao.

Pili, rangi. Majina ya ukingo wa kulia ni kahawia juu ya udongo. Mezani karatasi ina kivuli chake na jina linasimama. Kwenye picha kivuli kimepotea na jina limezama. Finya macho mpaka kila kitu kiwe ukungu: kisichoonekana hapo hakitaonekana ukumbini. Ukitaka kipimo cha namba, miongozo ya kurasa za wavuti hudai uwiano wa 4.5 kwa 1 kati ya mwanga wa maandishi na wa nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa. Zake hazikufika 2. Na ukumbi si giza kila mara. Ukipeleka filamu kwenye tamasha la filamu la ZIFF kule Zanzibar, inaweza kuonyeshwa usiku ndani ya Ngome Kongwe, chini ya anga, huku taa za mji zikiwaka pembeni.

Tatu, ukingo. Amesogeza majina mpaka karibu na mwisho wa skrini ili mto upate nafasi ya kupanuka. Hili nalifundisha kwa kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Hakuna mchapaji anayeandika jina juu ya pindo, kwa sababu pindo ndilo linalokunjwa, linaloshonwa, linalochafuka. Skrini nayo ina pindo. Desturi ya zamani ya televisheni iliacha asilimia 10 kila upande bila maandishi. Kwa picha ya 1920 kwa 1080 hiyo ni pikseli 192 kushoto na kulia, na 108 juu na chini. Siku hizi wengi hubaki na nusu ya hiyo. Yeye alikuwa ameacha pikseli 40. Tuliazima projekta, tukairusha kwenye ukuta wa ukumbi mmoja Sakina, na herufi ya kwanza ya jina la mhariri ikaangukia kwenye fremu ya mlango.

Ukumbini humo humo la mlima nalo lilitoa siri yake. Anga la alfajiri, linalotoka zambarau kwenda chungwa, lilionekana lina ngazi, mistari kama ya tabaka za mchanga. Faili la biti 8 lina viwango 256 tu kwa kila rangi, na rangi inayobadilika polepole juu ya eneo kubwa inahitaji zaidi ya hapo. Ukiongeza punje ndogo za chengachenga ngazi hufichika, lakini video ikibanwa punje hufutwa na ngazi hurudi. Nilikuwa nimeliona toleo hilo siku mbili kabla kwa WhatsApp na sikuona ngazi hata moja, maana kila kitu kilikuwa kimeshavurugika sawasawa. Tangu hapo sitoi alama kwa video iliyopita WhatsApp. Nileteeni flashi.

Sauti sitaikalia sana. La mlima lina muziki mzito wa vinanda, wa mapigo 100 kwa dakika. Kwa fremu 24 kila pigo linaangukia kwenye fremu ya 14.4, namba isiyokuwepo, hivyo majina yanaanza sawa na muziki na kufika la sita yameshaachana nao. Mapigo 96 yangempa fremu 15 kamili, 120 yangempa 12, 90 yangempa 16. Zaidi ya hapo muziki wenyewe kaushusha mtandaoni bila ruhusa ya mwenyewe, na hilo peke yake linaweza kuifungia filamu mlango wa tamasha. La mto lina sauti ya maji aliyoirekodi mwenyewe, na mpini wa ndoo unaolia kila jina linapotua. Haina cha kurekebisha isipokuwa ujazo.

Gharama ya kusahihisha ndiyo sehemu ambayo mlima unashinda wazi, nami nataka mwanafunzi aijue kabla ya kuchagua. Siku ya tatu baada ya kikao chetu, msanii mmoja aliomba jina lake liandikwe tofauti. Kwenye la mlima ni kuandika upya na kurenda kadi moja, yaani kuiachia kompyuta itoe picha zake za mwisho. Kwenye la mto ni wembe, gundi, kupanga upya na kupiga picha 48. Jioni nzima. Kama filamu yako ina watu 30 wa kuandikwa, au unajua utahitaji na toleo la Kiingereza, au mwongozaji wako hajaamua nani atangulie, karatasi itakutesa.

Mlima nao una mateso yake, ya umeme. Fremu 1,680, kila moja dakika 2 kwenye kompyuta aliyoazima, ni saa 56 za kurenda. Mara ya kwanza aliamuru itoke kama video moja. Usiku wa pili umeme ukakatika na kila kitu kikapotea. Mara ya pili aliitoa kama picha za PNG, fremu mojamoja, na umeme ulipokatika tena aliendelea kutoka fremu ileile. Yeyote anayerenda kazi ndefu hapa kwetu aanze na PNG, hata kama kompyuta yake ina betri nzuri.

Nilipokuwa mwanafunzi, mwalimu mmoja alinipa alama za juu kwa kazi iliyokuwa na madoido mengi kuliko zote darasani. Mwaka uliofuata niliitazama na sikuweza kusema ilihusu nini. Kwa hiyo karatasi yangu ya alama haina safu ya ugumu. Ina alama 30 za maana, 30 za kusomeka, 20 za mwendo, 20 zinazogawanywa kati ya herufi, sauti na umaliziaji. Kwa kipimo hicho mlima ulipata 51 na mto 68. Baada ya kukunja zile grafu, kuongeza muda wa kadi na kubadili fonti, mlima ungepanda mpaka 65 hivi. Mto ukizibwa dirisha, ukibadilishwa rangi na kurudishwa ndani ya pindo, unavuka 85. Kinachouzuia mlima kupanda zaidi ni zile 30 za kwanza. Kwa filamu hii hauna maana, na hakuna saa za kurenda zitakazoutia.

Ingekuwa filamu nyingine, ningesema lingine. Mtu aliyetengeneza habari ya wapagazi, au ya kijiji kinachoamka chini ya Meru, achukue lile la mlima bila kusita, akate zile sekunde 22 za mwanzo zibaki 6, na aache herufi zitulie. Na binti huyu huyu, akienda kuomba kazi kwenye kampuni za safari hapa Arusha au kule Moshi, aweke sekunde 12 za mlima ule mbele kabisa ya mkusanyiko wa kazi zake. Mawingu yale yatampa mshahara. Nilimwambia hivyo kwa sababu niliona anaanza kuuonea aibu, na hakukuwa na sababu ya aibu. Ni kazi nzuri iliyokosa filamu yake.

Alichagua mto. Aliziba dirisha kwa mablanketi mawili ya nyumbani kwao, akabadilisha kahawia kuwa nyeupe ya maziwa, akarudisha majina yote ndani, pikseli 100 kutoka ukingoni. Picha zile 408 akazipiga upya zote, kwa siku 4.

Jioni ya mwisho tulibishania tone. Yeye alitaka lining'inie picha 3 kama mwanzo, mimi nilitaka 5, ili mtazamaji apate muda wa kuliona kosa la "Ngambo" kabla halijasahihishwa. Tukamwita tena mama wa cherehani. Kwa picha 3 hakusema kitu. Kwa picha 5 akainua kidole kuonyesha skrini, akafungua mdomo kusema kuna herufi haipo, na tone likaachia.

"Weka tano," binti akasema, akavuta stuli kukaa.